Huyo Kaibiwa Nini? Mvuto wa Muziki wa Panki Unaosema Siasa Bila Kuficha

Bibi yangu alikuwa mtu wa taarabu tangu ujana wake. Alasiri moja nilikaa naye barazani, yeye anachambua mchele, mimi nimefungua kwenye simu wimbo wa vijana wa Kiingereza wa miaka ya sabini. Gitaa zinakwaruza, ngoma zinakimbia, mwimbaji anapayuka. Bibi alivumilia kama dakika moja, kisha akaweka ungo chini.

“Mjukuu wangu, huyo kaibiwa nini?”

Aliuliza kwa dhati. Mtaani kwao mtu akipiga kelele namna ile, majirani hutoka na fimbo, maana wanajua pana kilichoibwa. Nilimjibu harakaharaka kwamba huo ni muziki tu, na jibu langu lilikuwa baya. Nimeusikiliza muziki ule miaka mingi tangu siku hiyo, na sijapata swali linaloufungua vizuri kuliko lile la bibi.

Kwetu neno panki limezoeleka zaidi kinyozini. Kijana akinyoa panki, tunajua kichwa kimenyolewa pembeni na kuachiwa ukanda wa nywele katikati. Muziki uliobeba mtindo huo ulitufikia kidogo sana, tofauti na rege iliyoingia hadi vijijini. Kwa hiyo tuanze na sauti yenyewe. Panki ni tawi la roki lililochipuka New York na London katikati ya miaka ya sabini: nyimbo fupi, za kasi, zenye ala chache. Albamu ya kwanza ya The Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazifiki nusu saa. Wakati huo roki ya wakubwa ilikuwa imenenepa. Wimbo mmoja ulichukua robo saa, jukwaa lilisafirishwa kwa malori, na ili upande juu yake ilibidi uwe fundi wa gitaa wa miaka kumi. Vijana wa panki walirudisha muziki kwenye mikao mitatu ya vidole, ile ambayo mtu anaweza kujifunza Jumamosi na Jumapili akawa ameiweza.

Si kila bendi ya panki iliimba siasa. Ramones waliimba zaidi mapenzi, uchovu wa mtaani na sinema za kutisha. Lakini tawi lililosema siasa waziwazi ndilo lililosafiri mbali zaidi, likafika Johannesburg, Moscow na Nairobi, na ndilo ninalolizungumzia hapa.

Walikuwa wameibiwa nini, basi? Uingereza ya mwaka 1976 haikuwa ile ya kwenye kadi za posta. Mwaka uliotangulia mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 20. Watu zaidi ya milioni moja hawakuwa na kazi. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ililazimika kwenda IMF kuomba mkopo, na mkopo ukaja na masharti ya kubana matumizi. Sisi tuliokua tukisikia habari za IMF na masharti yake tunaelewa mara moja maana yake kwa kijana aliyemaliza shule akiwa na miaka 16. Aliahidiwa kwamba akisoma na kutulia atapata kazi na nyumba. Alipofika mlangoni akakuta pamefungwa, na ndani redio inaendelea kupiga nyimbo tamu za mapenzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilichoibwa ni ahadi. Na kilichouma zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba pana wizi.

Hapo ndipo mvuto unapoanza, na hapo ndipo msikilizaji wa Kiswahili anaweza kukwama. Sisi tuna jadi ndefu ya kuimba siasa, lakini tunaimba kwa fumbo. Siti binti Saad, Zanzibar ya wakoloni, aliimba hadi kesi ya mauaji ambayo mahakama iliwatia hatiani wasiostahili, na taarabu nzima imejengwa juu ya kusema jambo bila kulitaja. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Fumbo lina uzuri wake, na lina kazi yake: linamkinga msemaji. Akiulizwa, anaweza kusema aliimba habari za ua na nyuki. Panki ya kisiasa imeivua kinga hiyo makusudi. Inataja jina, inataja cheo, inataja mtaa. Msikilizaji anamwona mwimbaji amesimama bila pa kujificha, na moyo wake unamwamini kabla hata hajayaelewa maneno. Kwa imani yangu, huo ndio mzizi wa mvuto wake. Maneno mara nyingi hata hayasikiki vizuri kwenye kelele zile. Kinachosikika ni mtu aliyeacha kujikinga.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1976, kipindi kimoja cha televisheni mjini London kilikuwa kimewaalika Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Queen hawakuweza kufika. Kampuni yao ya kurekodi, EMI, ikapeleka badala yao vijana wapya iliotoka kuwasaini, Sex Pistols. Mtangazaji, Bill Grundy, akawachokoza, akamtongoza msichana mmoja aliyekuwa nao, kisha akawahimiza waseme jambo la kushtua. Wakamtukana, moja kwa moja hewani, wakati wa watu kunywa chai na watoto wao. Kesho yake magazeti yalilipuka. Miji ikafuta maonyesho yao, na mwezi uliofuata EMI ikawaachia. Mahojiano yenyewe hayakuzidi dakika chache. Nchi nzima ikawa imejua kwamba kuna vijana hawana adabu, na maelfu ya vijana wengine wakajua kwamba wako wenzao.

Miezi sita baadaye, wakati taifa linasherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti cha enzi, Sex Pistols wakatoa wimbo wenye jina la wimbo wa taifa ukimkejeli Malkia na kuwaambia vijana kwamba hawana mustakabali. BBC ikaupiga marufuku. Ukapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya mauzo hivyohivyo. Tarehe 7 Juni 1977 wakakodi boti na kuupiga kwenye mto Thames, mbele ya Bunge, na polisi wakaisubiri boti gatini na kukamata watu. Mashairi yale hayakuwa na hoja ndefu, wala hayakutoa mpango wowote wa kuendesha nchi. Yalifanya jambo moja: yalivunja ukimya siku ambayo kila mtu alitakiwa kupiga vigelegele.

Ila hasira peke yake huchosha. Sex Pistols wenyewe walisambaratika Januari 1978. Kilichoifanya panki idumu ni kwamba ilimwambia msikilizaji: na wewe unaweza. Kijarida kimoja cha mashabiki, Sideburns, kilichora kwa mkono mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa, kisha kikaandika chini yake agizo moja: sasa anzisha bendi. Manchester, vijana wa Buzzcocks walikopa pesa kwa ndugu na marafiki, kama tunavyochangishana harusi, wakarekodi nyimbo nne na kutoa wenyewe nakala 1,000 mwezi Januari 1977. Hawakuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa asubiri zamu yake, kuona hivyo kunabadilisha kitu ndani yake. Siasa ya panki iko pale pia, kwenye namna ya kutengeneza, hata kabla mtu hajafungua mdomo kuimba.

Nataka tumwangalie mmoja kwa karibu, maana yeye ana damu ya upande wetu. Marianne Elliott-Said alizaliwa mwaka 1957, baba Msomali, mama mzungu. Siku alipotimiza miaka 19, tarehe 3 Julai 1976, aliwaona Sex Pistols wakipiga kwenye gati la mji wa Hastings. Akarudi akaweka tangazo la kutafuta wenzake, akaunda bendi ya X-Ray Spex na kujiita Poly Styrene, jina la plastiki, kwa sababu aliona dunia inageuka plastiki. Alikuwa na waya za kunyoosha meno, nguo za rangi kali za njano na pinki, na hakutaka kupendeza kwa namna yoyote iliyotarajiwa. Wimbo wao wa kwanza, wa mwaka 1977, unaanza kwa sauti ya upole, karibu ya mtoto mwema wa shule, ikirudia ule msemo wa Waingereza kwamba msichana aonekane, asisikike. Kisha inafuata pumzi moja, na sauti ileile inapasuka kuwa ukelele wa kukataa minyororo, saksofoni ikiingia nyuma yake, ikipigwa na msichana mwenzake ambaye bado alikuwa wa umri wa shule. Sijui binti yeyote wa kwetu, aliyeambiwa mara elfu atulie mbele za wageni, anayehitaji kutafsiriwa ukelele ule.

Na Uingereza ile ilikuwa nchi ngumu kwa mtu wa rangi yake. Hapa historia ya Afrika Mashariki inaingia moja kwa moja kwenye habari ya panki, jambo ambalo sijaona likisemwa sana kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhamia huko kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa haraka, kwa siku tatu, sheria ya kuwazuia. Mwezi Aprili mwaka huohuo mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake mashuhuri ya chuki dhidi ya wahamiaji. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaishia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasiende kwao. Chama cha National Front, kilichotaka watu weusi na Wahindi wafukuzwe nchini, kilinenepa kwa hofu hiyo. Katika uchaguzi wa jiji la London wa 1977 kilipata karibu kura 120,000.

Agosti 1976 Eric Clapton, mpiga gitaa aliyepata jina kwa kupiga muziki wa watu weusi, alisimama jukwaani Birmingham akamuunga mkono Powell na kusema Uingereza isigeuzwe koloni la weusi. Huyu ndiye ambaye miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa amevuna pesa kwa kurudia wimbo wa Bob Marley. Mpiga picha Red Saunders na wenzake waliandika barua kwa magazeti ya muziki kumkumbusha hilo, na kuwaalika wasomaji waanzishe harakati ya roki dhidi ya ubaguzi. Barua zikamiminika. Ndivyo ilivyozaliwa Rock Against Racism.

Waandaaji wake walifanya jambo la werevu sana: waliziweka bendi za panki na bendi za rege kwenye jukwaa moja, usiku uleule. Undugu ulikuwepo tayari. Kwenye klabu ya Roxy, DJ Don Letts, kijana wa wazazi wa Jamaika, alikuwa akipiga rege kati ya bendi na bendi kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado hazijatosha. The Clash walikuwa wameingiza wimbo wa rege wa Junior Murvin kwenye albamu yao ya kwanza. Joe Strummer na Paul Simonon wa bendi hiyo walikuwepo Notting Hill, mtaa wa London, Agosti 1976, vijana weusi walipopambana na polisi kwenye kanivali, na wimbo wao wa kwanza ulitokana na siku ile: walikuwa wanawauliza vijana wa kizungu kwa nini wao wamekaa kimya.

Tarehe 30 Aprili 1978 watu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki mwa London, mtaa ambao National Front iliuona ni wake. Hesabu zinaanzia watu 80,000. Poly Styrene aliimba. Steel Pulse wa rege waliimba. The Clash waliimba. Kati ya umati alikuwepo karani mmoja kijana aitwaye Billy Bragg, ambaye baadaye akawa mwimbaji mkubwa wa siasa. Amesimulia mara nyingi kwamba ofisini kwake watu walitania kwa ubaguzi kila siku naye akanyamaza, akijiona yuko peke yake. Siku ile alikwenda kuwaona The Clash tu. Tom Robinson alipoimba wimbo wa kutetea wapenzi wa jinsia moja, wanaume waliomzunguka Bragg wakaanza kubusiana, naye akashtuka, hakuwa amewahi kuona jambo hilo. Alijiuliza wanafanya nini kwenye maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi, na kabla jioni haijaisha alikuwa amejijibu: mafashisti wanamchukia yeyote aliye tofauti. Alirudi ofisini akiwa mtu ambaye hatanyamaza tena. Yeye mwenyewe anasema kwamba kilichombadilisha ni umati kuliko bendi.

Nakazia hapo kwa sababu wengi huuliza: muziki umewahi kumwangusha nani? Katika uchaguzi wa 1979 National Front ilisimamisha wagombea 303 na kuambulia asilimia 0.6 ya kura. Lakini itakuwa uongo kusema gitaa ndizo zilizoiangusha. Margaret Thatcher alikuwa ameshazungumza mwaka 1978 kuhusu hofu ya Waingereza “kufurikwa” na wageni, na wapigakura wengi wa National Front wakahamia kwake. Wala ubaguzi haukuondoka mitaani: siku nne baada ya Victoria Park, Altab Ali, mfanyakazi wa kushona nguo kutoka Bangladesh, aliuawa kwa kisu jirani na Brick Lane, si mbali na bustani ileile. Muziki haukumwokoa. Kilichofanywa na muziki ni kuwapa vijana wa kizungu mahali pa kusimama tofauti na pale walipokuwa wamesukumiwa, na kumwonyesha kijana wa Kihindi wa Southall, magharibi mwa London, kwamba hao nao wapo.

Na panki ina aibu zake, lazima zisemwe. Baadhi ya mashabiki wa mwanzo walivaa swastika, alama ya Wanazi wa Ujerumani, ili kuwaudhi wazazi waliopigana vita. Walikosea, na kosa lilizaa. Mwishoni mwa miaka ya sabini wabaguzi nao walikuwa na bendi zao za mikao mitatu, kwa kuwa chombo rahisi kushika hushikwa na kila mkono. Ilibidi wenye panki wawafukuze mafashisti kwenye maonyesho yao, mara nyingine kwa ngumi. Kuna na suala la pesa. The Clash walisaini na kampuni kubwa ya CBS kwa pauni 100,000, na Strummer, sauti ya mtaani, alikuwa mtoto wa mwanadiplomasia, aliyezaliwa Ankara na kusomeshwa shule ya bweni. Kuna wanaosema hayo yanabatilisha kila alichoimba. Mimi sikubaliani. Mwaka 1980 bendi hiyo ilitoa albamu ya santuri tatu, yenye nyimbo 36, kwa bei ya chini kabisa, ikikubali kutolipwa mrabaha kwa nakala 200,000 za kwanza. Mtu hachagui nyumba ya kuzaliwa, lakini mkataba anauchagua.

Tawi hilo la siasa halikuishia Uingereza. Marekani, mwimbaji wa bendi ya Dead Kennedys alijiita Jello Biafra, akaweka kwenye jina lake nchi iliyojitenga na Nigeria ikafa kwa njaa, na mwaka 1979 akagombea umeya wa San Francisco akawa wa nne. Urusi, mwaka 2012, wanawake wa Pussy Riot waliimba kwa muda usiofika dakika katika kanisa kuu la Moscow, wakimwomba Mama wa Mungu awaondolee Putin. Watatu kati yao walihukumiwa miaka miwili. Indonesia, Desemba 2011, polisi wa Aceh walikamata vijana wa panki zaidi ya 60 kwenye onyesho, wakawanyoa vichwa na kuwapeleka kambini kufundishwa adabu. Huko vijana wale hawakuwa wamechukua silaha yoyote. Walivaa na kuimba.

Afrika Kusini ndiko ninakokurudia zaidi. Mwaka 1979, miaka mitatu baada ya damu ya wanafunzi kumwagika Soweto, Ivan Kadey, mzungu, alikutana na ndugu wawili weusi, Gary na Punka Khoza, wakaunda bendi Johannesburg. Waliiita National Wake, jina lenye maana mbili kwa Kiingereza: mkesha wa matanga ya taifa, na kuamka kwa taifa. Sheria ya maeneo ilikataza hata kuishi kwao nyumba moja. Kwa hiyo hata kukaa pamoja kulikuwa kuvunja sheria kabla mtu hajagusa waya wa gitaa, na wimbo wa mapenzi kutoka kwa bendi ile ungekuwa siasa vilevile. Albamu yao ya mwaka 1981 iliuza nakala zipatazo 700 kabla haijaondolewa sokoni kwa shinikizo la serikali. Ukiisikiliza leo unasikia panki, rege na funki zikigombea nafasi kwenye wimbo mmoja.

Nairobi nayo ina bendi yake, Crystal Axis, vijana walioanza wakiwa wanafunzi. Wameimba kuhusu Mfalme Leopold na mikono iliyokatwa Kongo. Wameimba pia kuhusu Nyayo House, jengo lililo katikati ya jiji, ambalo katika vyumba vyake vya chini serikali ya Moi iliwatesa watu iliowashuku kuwa wapinzani, baadhi yao wakiachwa siku nyingi ndani ya maji. Vyumba hivyo vilifunguliwa watu wavione mwaka 2003. Juu yake kuna ofisi za uhamiaji, na kila asubuhi Wakenya hupanga foleni hapo, fomu mkononi, wakisubiri pasipoti. Hakuna sauti yoyote inayotoka chini.